Arobaini na Tano au Kumi

Tangu asubuhi Lowell Brekke alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mara yuko jikoni, mara yuko gereji, mara amesimama dirishani anaukodolea macho mlima, kana kwamba ungeondoka bila yeye. Kila aliporudi mezani aliziinua bastola mbili zilizolazwa juu ya taulo, moja baada ya nyingine, akazipima uzito, akazirudisha. Moja ilikuwa Arobaini na Tano yake ya siku zote, iliyoitwa hivyo kwa ukubwa wa risasi zake, chuma kitupu, rangi imebanduka kwa kusuguana na ala. Ya pili ilikuwa ya milimita kumi, mpya, nyeusi, mpini wa plastiki, mali ya Rudy mwenye duka, aliyemwazima aijaribu kabla ya kukata shauri. Hiyo bonde zima liliiita Kumi tu.

"Lowell, nataka meza yangu," alisema mkewe, Noreen, mikono imejaa unga. "Mkate wa matunda haukandwi hewani."

"Ngoja kidogo. Jambo hili si la mzaha."

"Wiki nzima nangoja. Hata mimi hukunichumbia muda mrefu hivyo."

"Wewe hukuwa na risasi."

"Nilikuwa nazo, bwana. Bahati yako hukuzisikia."

Lowell hakucheka. Akaanza upya hotuba ambayo Noreen angeweza kuisema usingizini: Arobaini na Tano inapiga kama nyundo, lakini inabeba risasi chache, Kumi inabeba nyingi na inazama ndani zaidi, nayo dubu ana mafuta na misuli, usimfananishe na mwizi wa kuku, lakini Kumi inaruka mkononi, na mtu hazoei kitu kipya akiwa na umri wake. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini wahenga hao hawakuwahi kukaa Montana, na huko unaweza kumtukana mtu mama yake akakusamehe, ila usiidharau bastola yake.

"Chukueni dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu muende," alisema Noreen.

"Upepo ukigeuka nitakuwa nimejitia viungo mwenyewe. Dubu atafaidi."

Akatoka tena kwenda gereji, mlango ukajibamiza nyuma yake.

Jumatatu ilikuwa siku ya kupanda mlimani na binti yao, Marit. Idara ya wanyama hutoa kibali cha kuwinda dume la elki, yule kulungu mkubwa wa milimani, katika bonde lile kwa bahati nasibu, na jina la Marit liliingia kapuni kila mwaka tangu alipomaliza shule, akaolewa, akaachika, akaanza kuota mvi. Mwaka huu likatoka. Angewinda kwa upinde, na kwa upinde kumwangusha mnyama ndiyo nusu nyepesi ya kazi. Elki ana kimo cha farasi. Hukatwa vipande palepale alipoanguka, na harufu ya damu hushuka na upepo hadi kwenye pua ya kila dubu wa upande ule. Ndiyo maana watu wa huko huenda wawili: mmoja anashika kisu, mwingine anashika bastola. Wa kisu hainui kichwa, wa bastola hainamishi chake, na hawapokezani mpaka nyama yote iwe imetundikwa mtini.

Miaka yote Lowell ndiye aliyesimama. Aliwasimamia wageni waliomlipa, akawasimamia majirani, akamsimamia Marit tangu alipoweza kushika kisu bila kujikata. Hakuwa msemaji, hakuwa tajiri, kanisani alisinzia, lakini mlimani kila mtu alitaka kukata nyama akiwa na Lowell nyuma yake. Kama asingeweza kusimama tena na bastola, hakujua angepanda mlima ule akiwa nani. Wazo hilo ndilo lililomfukuza kutoka jikoni hadi gereji na kutoka gereji hadi jikoni.

Maana tangu theluji ilipoyeyuka, Arobaini na Tano ilikuwa imeanza kukwama. Risasi ya kwanza inatoka vizuri, halafu ganda lake, badala ya kurukia pembeni, linabanwa wima kwenye tundu la kutokea, na bastola inakuwa jiwe. Alimpelekea Rudy. Sasa huyo Rudy ni mtu anayenyamaza akilala tu, na mkewe anasema hata akilala si sana. Akaisafisha, akaitia springi mpya, akatoka nayo nyuma ya duka akapiga magazini nzima ya risasi. Maganda yote yakaruka, yakaangukia majanini. Akarudi ndani, akautazama mkono wa kulia wa Lowell, uliokuwa umezunguka kikombe cha kahawa ukisaidiwa na wa kushoto. Kidole gumba kilikuwa kimevimba kwenye fundo kama tangawizi.

"Jaribu na hii," alisema Rudy, akamsogezea Kumi. Hakuongeza neno. Lowell alijiambia jamaa anataka kuuza.

Baridi yabisi alikuwa nayo, hilo alilijua, lakini aliligeuza mzaha. Mifuniko ya chupa alimwachia Noreen, akisema viwanda vya siku hizi vinafunga vitu kwa chuki. Barua hakuandika. Mkono wa kusalimiana alitoa wa kushoto, akisingizia wa kulia una grisi.

Alasiri ile Marit alimkuta kwenye machimbo ya kokoto nyuma ya mji, tayari amevaa ala ya kifuani, anatembea huku na huko. Watu wa pale wana zoezi lao. Gurudumu kuukuu hufungwa juu ya mbao, kamba ikapita kwenye kapi lililofungwa nguzoni kando ya mpiga risasi, ikaenda hadi kwenye gari lililoko nyuma yake. Gari likiondoka kwa kasi, gurudumu linakujia likirukaruka kwenye kokoto kama dubu aliyetukanwa, nawe una pumzi moja ya kuchomoa na kupiga.

"Tunaanza na ipi?" aliuliza Marit.

"Kumi. Tuimalize ya mgeni kwanza."

Marit akaingia garini, akakanyaga mafuta. Gurudumu likaja. Lowell akachomoa vizuri, haraka kama zamani, akapiga, likaruka vumbi mbele ya gurudumu. Akabonyeza tena. Kimya. Alipotazama, ganda lilikuwa limesimama wima kwenye tundu la kutokea. Gurudumu likaja likalala miguuni pake.

"Umeshaliwa, Baba!" Marit alipiga kelele dirishani, anacheka. "Mama nimwambie apike nini kwa msiba?"

"Rudisha! Rudisha nyuma, acha maneno!"

Wakarudia, na Kumi ikakwama tena. Akabadili, akachukua Arobaini na Tano, mzee mwenzake, akaibana mpaka maumivu yakapanda hadi kiwikoni. Risasi moja, halafu jiwe. Safari hii gurudumu lilimgonga muundi, akayumba akashika nguzo. Marit hakucheka. Alizima gari, akashuka.

"Nipe."

"Springi mpya bado haijazoea."

"Nipe tu, Baba."

Alipiga Kumi mpaka ikaisha. Akaiweka chini, akapiga Arobaini na Tano mpaka ikaisha nayo. Maganda yalikuwa yakiruka kulia kwake mfululizo, yanang'aa, yanalia kwenye kokoto. Halafu machimbo yakawa kimya, na Lowell akatamani walau moja ingekwama, hata mara moja, kwa heshima tu.

"Umezishika vipi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Kama ulivyonifundisha. Kiganja kisilegee."

Bastola za namna ile hujilisha zenyewe kwa nguvu ya teke lake. Chuma cha juu hurudi nyuma, kikatupa ganda, kikaingiza risasi nyingine, lakini lazima mkono uikazie. Mkono ukilegea, bastola haina pa kuegemea na inakwama. Lowell alikuwa amewafundisha hayo nusu ya vijana wa bonde, tena kwa ukali. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye kifo kilikuwa bado mbali, ikamuumbua bastola. Akaanza kulizunguka gari.

"Risasi za Rudy hazina nguvu," alisema akiwa upande wa pili.

"Mimi nimepiga hizo hizo."

"Basi ni joto. Mikono inatoa jasho."

"Baba, bastola mbili haziugui ugonjwa mmoja."

Akasimama. Hasira ilimpanda, na kwa kuwa hakuwa na wa kumkasirikia, ikamwendea aliyekuwa karibu.

"Basi nenda na Rudy! Atamchosha dubu kwa maneno."

"Sitaki kwenda na Rudy. Sikungoja kibali hiki miaka yote nikapande mlima na Rudy."

"Mtu asiyeweza kusimama ni mzigo, Marit. Mzigo wa kulishwa na kuchungwa. Nimewachunga watu kama hao, nawajua."

"Kisu unaweza kukishika?"

"Kisu ni kazi ya mtoto."

"Nimekishika tangu nina meno ya utotoni, Baba. Hakuna siku uliniambia ni kazi ya kitoto."

Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akainama kuokota maganda, kidole gumba kikakataa kulibana hata moja, likateleza, akaliacha. "Nimesema vibaya," alisema chini kwa chini. "Sikukusudia."

"Najua."

Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka mlimani, nao wote wawili waliugeuzia nyuso bila kufikiri, kama wafanyavyo watu wa huko.

"Kwa hiyo nibebe ipi?" Marit aliuliza. "Wiki nzima unatuchosha nazo. Niambie, nibebe ipi?"

Lowell alifungua kinywa. Hotuba yote ilikuwepo tayari, nyundo na mafuta na misuli na mwizi wa kuku.

"Yoyote," alisema. "Zote nzima."

Akaingia garini upande wa abiria. Aliumia kuyasema maneno hayo, na katikati ya maumivu kulikuwa na nafuu ndogo ambayo aliichukia. Marit alizifunga zote mbili kwenye taulo akaziweka nyuma ya kiti, wakarudi nyumbani. Jumatatu, Marit alipomjia, alikuwa amevaa koti zito lililofungwa mpaka shingoni. Lowell alikuwa na kisu kifupi ambacho Noreen alikizungushia kitambaa kwenye mpini mpaka kikawa kinene kama muhogo, ili kidole gumba kisilazimike kukunjika. Lowell hakuuliza kilichokuwa chini ya koti.

Dume lilianguka siku ya pili alasiri, kwenye mteremko wa misonobari michanga, mshale umeingia nyuma ya bega. Walisimama juu yake kidogo, Marit akiwa analia na kucheka kwa pamoja, Lowell akimpigapiga mgongoni kwa mkono wa kushoto. Kisha Marit akajifuta uso, akafungua koti, akageukia msitu. Lowell akapiga magoti.

Ilikuwa mateso. Mkono ulimuuma, lakini shingo ilimsumbua zaidi. Kila kijiti kikivunjika kichwa kilitaka kuinuka. Kunguru akilia, kichwa juu. Kindi akirusha koni ya msonobari, kichwa juu.

"Macho chini, Baba."

"Nilikuwa najinyoosha."

"Jinyooshe ukiangalia nyama."

Alikata. Paja la kwanza lilitoka, akaliburuta pembeni. Alikuwa ameanza la pili pale kunguru waliponyamaza. Halafu akasikia pumzi nzito nyuma ya miti, na mataya yakigongana, kwa haraka, kama mtu anayepigapiga vijiti viwili.

"Haya, bwana mkubwa," Marit alisema kwa sauti ya chini, ya kirafiki kabisa. "Tumekuona. Pita zako."

Mkono wa Lowell ulirukia kifuani. Ulikuta vifungo vya shati. Mwili mzima ukataka kusimama, ukageuke, ukae mbele ya mtoto wake. Lakini alikuwa amewatukana watu wazima kwa kosa hilo. Wa kisu akisimama, mlinzi anapata viwiliwili viwili vya kuangalia badala ya kimoja, na pengine cha pili kinakaa kwenye njia ya risasi. Akabaki magotini. Hakuna alichowahi kufanya mlimani kilichomtaka nguvu kiasi kile.

"Baba, unakata?"

"Nakata."

"Kata tu."

Akatafuta kiungo kwa ncha ya kisu. Mataya yaligongana tena, karibu zaidi. Akasikia kiatu cha Marit kikisogea hatua moja, kikakita chini.

"Hapana," Marit alimwambia dubu, vilevile kwa upole. "Hapa hapana."

Kisu kikazama kwenye kiungo, mfupa ukaachia. Lowell alisikia vichaka vikivunjika, akangoja kishindo cha bastola, kisije. Vichaka vikaendelea kuvunjika, kuelekea chini, mbali, mpaka ukabaki upepo peke yake.

"Ameshuka," alisema Marit. "Lakini hajaenda mbali. Malizia."

Hapo ndipo Lowell alipogundua kwamba hakujua ni bastola ipi iliyokuwa mkononi mwa binti yake. Nyumbani hakuuliza kwa kiburi, njiani hakuuliza kwa sababu waliongea habari za elki, na hapa hakupata nafasi ya kutazama. Swali lilimfika ulimini. Lakini angeuliza, Marit angeweza kugeuka kumjibu.

Akalimeza. Akashika mguu wa mbele wa dume kwa mkono mzuri, akauvuta upande wake, akaendelea kukata.