Mstari wa Tisa

Were alikuwa karani wa bima katikati ya jiji. Mwaka 1967 alijiandikisha katika darasa la fasihi la Jumamosi mchana huko Westlands, ili anoe Kiingereza chake, ndivyo alivyowaambia wenzake. Ukweli ni kwamba alikuwa amemwona mwalimu, Lornah, akibandika tangazo la darasa hilo, na mwanya wa meno yake ukamkaa moyoni.

Siku ya soneti, Lornah alieleza kuwa ni shairi la mistari kumi na minne, lenye vina vilivyopangwa. Pranlal, mwanafunzi mwenzake Were na mwenye duka la vitambaa, akasema basi hata yeye anaiweza.

"Kuhesabu si kazi," Lornah akajibu. "Soneti hugeuka. Mshairi anashika njia moja, halafu, mara nyingi penye mstari wa tisa, anaona jambo jingine kabisa. Isipogeuka, hiyo ni mistari tu."

Akawaagiza waje wiki ijayo, kila mmoja na soneti aipendayo kuliko zote.

Nyumbani Woodley, Were alijitungia yake kwa Kiswahili. Ilikuwa sifa tupu, juu mpaka chini: sauti, mwendo, mwanya. Alipoirudia akaona haigeuki popote. Ikamsumbua hadi Alhamisi, alipokubali kwamba alikuwa amekwepa lile hasa lililomuuma. Akafuta nusu ya pili, akaandika upya.

Jumamosi, Pranlal alisoma soneti ya mtu anayekaribia kufa, huku akitabasamu kwa raha ya kuielewa. Kisha zamu ikawa ya Were. Mistari minane ya sifa ikawachekesha wenzake kidogo. Akaendelea:

"Lakini hunitazami, macho yako kwa kitabu,
Nanyosha mkono nami, sina swali, nina jibu."

Alipomaliza, Lornah aliuliza mshairi ni nani.

"Mwalimu," Pranlal akasema taratibu, "ni huyo anayetokwa jasho."

Lornah aliinamisha uso, akacheka bila sauti. Akasema hiyo ni soneti halisi, ila kina cha mstari wa kumi na mbili kimeteleza, na Bwana Were abaki kidogo wakirekebishe.

Walikwenda kukirekebisha kwenye mkahawa, kwa chai na sambusa. Mwaka uliofuata walioana. Kina kile hakijarekebishwa mpaka leo, maana kila wakikaa kukishughulikia, wanaanza kuzungumza mengine.