Nyumba Tatu kwenye Kanzu ya Ketsia

Wajukuu wanapenda niwategee kitendawili, na hiki ndicho kinawashinda: nyumba tatu, hazina mulango, hazina mutu. Wanajibu yai, wanajibu kaburi. Bado.

Binti yangu Musoki alizaa na Wei, Muchina wa kampuni iliyotengeneza barabara ya Iga Barrière. Kontra yake ya kazi iliisha, akarudi kwao mutoto angali tumboni. Kwetu siye, mutoto asiyepewa jina na baba yake anaonekana kama wa njiani. Kanisani alikuwa aitwe Ketsia, lakini jina la ukoo tulilingojea. Wei akalituma kwa intaneti, kwa maandishi ya kwao.

Tukaenda kwa Félicien, mwenye nyumba ya intaneti karibu na soko. Mashine yake ikatuonyesha vyumba vitatu vitupu, vimepangwa kama matofali. Nikamuuliza kama jina ndilo hilo.

"Mama, Wachina iko wanaandika vile. Kila herufi ni kanyumba kake."

Tukafurahi. Fundi wa cherehani akashona vile vyumba kwa uzi mwekundu, kifuani mwa kanzu ya ubatizo. Wamama wa kanisa wakaishikashika ile kanzu, wakasema kumbe huyu mutoto ana baba. Musoki akamutumia Wei picha.

Jibu lilikuja kwa Kifaransa cha kuvunjika: "Jina langu mumelikataa. Mumeacha mahali patupu." Musoki aliandika, akaandika tena. Simu ya Wei haikupita.

Ndipo Musoki akabeba kanzu kwa mama mumoja Muchina anayeuza simu mujini. Yule akasema hapa hakuna neno. Mashine isiyo na herufi zao inaweka chumba kitupu mahali pa kila moja. Tukamurudilia Félicien. Akaingiza zile herufi kwenye mashine yake, akafungua ujumbe uleule, na jina likatokea, mistari imesongamana kama vijiti vya kiota. Tukamupelekea yule mama Muchina, akatusomea: Wei Siyuan. Wei ni la baba; Siyuan, maana yake kuwaza mbali.

Félicien akajisifu kidogo. "Sasa iko muzuri, Mama, ao?"

"Iko muzuri kwa mashine yako," nikamujibu, maana simu ya Wei ilikuwa bado haipiti.

Musoki alifumua ule uzi. Matundu ya sindano yamebaki, na ukiinua kanzu kwenye mwangaza, vyumba vitatu vinaonekana. Ketsia sasa anasoma. Anataka nimupe jibu la kitendawili, yeye peke yake, kwa sikio.

Namwambia afikiri tena.