Mamba Alikuwa Kazini

Mabuti yalikuwa juu ya kabati, nyuma ya sanduku la nguo kuukuu, na Fundo alijua. Nyumba ya vyumba viwili haina pa kuficha chawa, sembuse mabuti ya mpira yanayofika magotini. Kaka yake aliyapandisha huko miezi minane iliyopita, siku Fundo alipotoka hospitali na shavu la mguu limeshonwa kama gunia.

Kabla ya hapo alikuwa mfunga kamba wa pantoni, ile ya kuvusha magari na watu mtoni, na kaka yake ndiye nahodha. Mafundo yake hayakuwahi kulegea, ndiyo maana jina alilopewa na mama lilishasahaulika. Kisha asubuhi moja, pantoni inakaribia gati, akaanguka majini na mamba akamdaka mguu. Wenzake walimtoa kwa makasia na makelele.

Daktari alisema amepona. Nahodha akasema hajapona.

"Mguu sawa. Moyo je?"

Na bila neno la nahodha hakuna anayepanda kazini. Alitaka Fundo, dada yake, akae ofisini, agonge mihuri kwenye karatasi za mizigo mpaka meno yamtoke. Nyumbani nako, Fundo akiingia na runinga inaonyesha chochote chenye meno, kaka hurukia rimoti. Juzi alimzimia hata mjusi.

Jumapili hiyo, baada ya chakula cha mchana, Fundo aliingia sebuleni akakuta filamu ya mamba muuaji ndiyo kwanza inaanza. Mkono wa kaka ukaruka.

"Iache," alisema Fundo.

"Mdogo wangu, hii inatisha."

"Mimi nilishatishwa bila umeme. Iache."

Mke wa kaka, mtu asiyepitwa na mchezo, alijisogeza kwenye kochi. "Sikilizeni. Wifi yangu akiimaliza bila ukelele, mabuti yashuke. Akipiga ukelele, mihuri. Mume wangu, umekubali?"

"Aliyeumwa na nyoka..." kaka alianza.

"Akiona unyasi hushtuka, najua. Mimi sikuumwa na unyasi. Sema umekubali."

Kaka alikubali kwa kichwa.

Watalii walikuwa ziwani. Muziki ukashuka chini, ukaanza kudunda polepole. Msichana akaingia majini peke yake, kama vile nchi nzima haina bomba.

"Huyo keshaliwa," alisema Fundo.

Akaliwa. Wifi akauma mto wa kochi. Kaka alikuwa anatazama kupitia vidole.

"Kaka, fumbua macho, anayetahiniwa ni mimi. Halafu huyo mamba ananguruma nini kabla ya kula? Wewe ukiletewa sahani unanguruma?"

"Ananguruma," alisema wifi kutoka nyuma ya mto.

Saa nzima ikapita hivyo. Watalii wanne wameliwa, Fundo hajapepesa macho. Kisha mashua ikasogea gatini. Mwendeshaji akaitupa kamba, ikamwagika sakafuni ovyo, na mwanamke mmoja akarudi nyuma hatua moja.

"Kamba! Toa mguu!"

Ukelele wa Fundo ulimfanya wifi aangushe bilauri ya maji. Kwenye runinga, maji yalikuwa yametulia. Hata muziki ulikuwa haujaanza.

"Basi," alisema kaka, na alisema kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mihuri."

"Rudisha nyuma."

Wifi akairudisha.

"Mamba yuko wapi hapo?"

"Hayupo," alisema wifi.

"Nimepigia nini ukelele?"

Wifi alitazama, akatazama tena. "Kamba."

"Miezi minane watu wananiuliza meno yalikuwa mangapi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilianguka vipi." Fundo alimgeukia kaka yake. "Kamba ya nyuma siku ile haikuwa yangu. Mwenzangu hakuja, ukaacha usukani ukaitupa mwenyewe. Hukuikunja. Ikaninasa kifundo."

Kaka alitazama maji yaliyomwagika. "Ulijua?"

"Kila mtu ana mkono wake wa kutupa kamba. Wako naujua hata gizani."

"Mbona hukusema?"

"Ungeshushwa kwenye usukani. Nilingoja useme mwenyewe. Wewe ukapanda juu ya kabati na mabuti yangu."

"Nilikuwa nakulinda, mdogo wangu. Mamba..."

"Mwache mamba! Mamba hana kosa, alikuwa kazini. Mimi nilikuwa kazini. Asiyekuwa kazini siku ile ni wewe."

Wifi akapunguza sauti ya runinga.

Kaka alivuta kigoda akapanda. Aliyashusha mabuti, akayapangusa vumbi kwa shati lake la Jumapili, akayaweka miguuni pa dada yake.

"Nitamwambia mkuu wa gati mwenyewe," alisema. "Kesho, kabla hatujang'oa nanga."

"Ukimaliza, nitakuwa kwenye kamba ya mbele."

Fundo alivaa mabuti hapo hapo kwenye kochi. Kisha akatoka mpaka uani, akafungua kamba ya kuanikia nguo, akarudi akamrushia nahodha kifuani.

"Kunja."

Akakunja.

"Hiyo ni tambi. Kunja."

Alikunja mara nne, wifi akihesabu kwa kicheko. Kwenye runinga mamba alikuwa anamla mtalii mwingine, mnene kuliko wote, na hakuna aliyegeuka kumtazama.