Jibu la Kumsitiri Mwana

"Mama Fundi, kitanda hicho unamtandikia nani kila siku?"

Mama Redio, jirani wa mlango wa pili, aliwahi kuuliza hivyo, kichwa chote kimeshaingia dirishani. Jina la Redio hakupewa bure. Fundi cherehani yule, mjane ambaye kitindamimba wake hakuwa akilala tena nyumbani, alinyoosha shuka na kujibu, "Mwenyewe yupo njiani."

Na kweli, asubuhi moja mwenyewe akaja, anaburuza miguu, mkono wa kushoto umevimba hadi shati limembana, usaha unanuka. Mama alitaka kumfokea. Akajikuta amemshika shavu. Mungu amemrudisha, aliwaza, safari hii simwachi.

"Hospitali siendi," kijana alisema. "Mara ya mwisho walinitoa kwenye benchi, eti nitawaibia wagonjwa."

"Leo unakwenda na mimi."

"Na mimi!" Mama Redio alidakia, kilemba tayari kichwani. "Akutoe mtu benchi nikiwepo, atanijua!"

Daktari, binti mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, aliupasua uvimbe, akausafisha. Kisha akamuuliza kijana bila ukali, "Kaka, unajidunga dawa za kulevya? Sema tu, nijue nikusaidie vipi."

Kijana akamtazama mama yake. Mama akamtazama Mama Redio, aliyekuwa ametega masikio yote mawili.

"Hajidungi," mama akawahi. "Alichomwa na msumari."

Daktari akaandika dawa ya usaha ya kupitia mshipani, akaagiza alazwe, maana sumu ya kidonda ilikuwa imeshaanza kuingia damuni.

Basi mama akampata mwanawe. Alimfuta uso kwa maji ya vuguvugu, akamlisha mkate uliochovywa kwenye chai. Aliangalia kifua kikipanda na kushuka, akatamani mchana ule usiishe.

"Msumari, mama?" kijana alinong'ona, anacheka kwa shida. "Mtaa mzima unajua. Asiyejua ni daktari peke yake."

"Nyamaza ulale."

Hakulala. Alianza kupiga miayo, miayo juu ya miayo. Pua ikachuruzika, vinyweleo vikasimama, miguu ikawa haitulii kitandani. Mama aliijua ile hali: arosto. Mwili unadai unga, na ukidai hausikii la mtu. Kila mara ilipomshika nyumbani, alitoka.

Mama akainuka, akamkuta daktari koridoni. Mama Redio alikuwa nyuma yake, na safari hii hakumjali.

"Mwanangu anajidunga," alisema kwa sauti. "Miaka mingi. Nilikudanganya nikimsitiri. Usiniache nimpoteze."

Daktari akashusha pumzi. "Ungesema asubuhi, mama. Wanaotoa methadoni, dawa ya kuondoa hiyo arosto, walikuwa hapa. Sasa wameshafunga. Ngoja nitafute cha kumtuliza mpaka kesho." Akaondoka mbio mbio.

Mama Redio akabaki koridoni kumngoja daktari.

Mama aliporudi, kijana alikuwa ameketi ukingoni, viatu miguuni, mpira wa dawa ameuchomoa.

"Daktari anakuja, baba. Nimemwambia yote."

"Yote? Mbele ya Redio?"

"Mbele ya Redio."

Kijana akamtazama mama, macho yakalegea kama ya utotoni. "Pole, mama."

"Nikae na wewe kidogo tu. Kidogo, baba."

Kijana akakaa. Alikaa kweli, ameung'ang'ania ukingo wa kitanda kwa mkono wake mzima, jasho likimtiririka, na mama akiomba kimoyomoyo. Viatu vikasikika koridoni. Wote wawili wakageuka. Alikuwa mfagizi, akapita na ndoo yake.

Kijana akauchukua mkono wa mama, akauweka shavuni pake, pale pale alipomshika asubuhi. Kisha akauachia taratibu, akasimama, akatoka bila neno jingine.