Diski ya Trei ya Tatu

Mtambo wa kuhifadhia picha ulianza kulia studio ilipofunguliwa, na kufikia saa nne asubuhi fundi alikuwa ameshapiga magoti mbele yake, begi la bisibisi wazi sakafuni. Studio ilikuwa ya shemeji yake, mume wa dada yake, mpiga picha za harusi ambaye mdomo wake ulifanya kazi zaidi kuliko kamera zake.

"Nimemwambia asubiri, shemeji yangu yuko njiani," shemeji alisema, akiunyooshea mtambo kidole. "Hasikii. Kama dada yako."

"Dada nitamfikishia."

Shemeji akachukua kitambaa cha manjano akafuta juu ya mtambo, ingawa palikuwa safi.

Mtambo wenyewe ulikuwa kisanduku cheusi chenye diski nne, kila moja kwenye trei yake. Zilikuwa zinabebana. Ikifa moja, tatu zilizobaki zinakumbuka ilichokuwa imeshika, na ukipachika mpya zinaijazia. Zikikosekana mbili, hakuna kinachosomeka.

Kompyuta ilionyesha namba ya kiwandani ya diski iliyokufa, ikiishia 58. Miaka miwili nyuma fundi alikuwa amebandika namba za diski zote kwenye trei zake kwa mkono wake, kwa mwandiko ambao hata yeye aliupenda. Stika ya trei ya tatu ilisema 58.

"Harusi ya yule mwalimu uliyoipiga Jumamosi imo humu?" fundi aliuliza.

"Imo. Anakuja saa kumi kuichukua."

"Na kadi za kamera?"

"Nilishazifuta, Jumapili nilikuwa na kazi nyingine."

"Nakala?"

"Nakala ya nini, shemeji, na mtambo umenifungia wewe?"

Fundi akachomoa trei ya tatu bila kuzima umeme, kwa kuwa mitambo hiyo inaruhusu. Mlio ukakatika.

"Umeona? Mikono ya baraka."

Fundi akageukia kompyuta. Orodha ya mafaili ilikuwa tupu. Akaigeuza diski mkononi na kusoma namba iliyopigwa chapa mgongoni. Iliishia 31.

"Nani alizitoa diski hizi?"

"Hakuna."

"Shemeji."

Shemeji akakikunja kitambaa mara mbili. "Niliosha trei. Vumbi lilikuwa limeganda. Nilizima, nikatoa diski, nikasugua trei kwa sabuni, nikaanika, nikarudisha. Stika zako hata hazikuloa."

"Kila diski ilirudi kwenye trei yake?"

"Si zinafanana zote?"

Fundi alitamani kumkaripia, lakini namba ya kweli ilikuwa mgongoni mwa diski, na yeye alikuwa ameuamini mwandiko wake. Akazima mtambo. Akazitoa zote, akazisoma moja moja, akaandika stika upya. Ile ya 58 ilikuwa trei ya kwanza. Akaiweka kando, akarudisha 31 na zile nyingine mbili, akawasha.

Mtambo ulikataa kuziunganisha. Kwake, diski mbili zilishakosekana, hata kama 31 ilikuwa imerudi, basi. Fundi akaandika amri ya kuulazimisha. Tangu achomoe, hakuna kipya kilichokuwa kimeandikwa kwenye diski yoyote. Kama alikuwa sahihi, harusi ilikuwepo. Shemeji akakiweka kitambaa juu ya mtambo.

Orodha ilirudi. Shemeji akafungua filamu, na bwana harusi akaonekana akikanyaga shela na kujifanya hajaona.

"Niweke ile diski mpya uliyokuja nayo?" aliuliza.

"Usiguse kitu. Kujazia kunazichosha hizi za zamani. Kwanza tunatoa nakala."

Nakala iliisha saa tisa na nusu, kwenye diski ya nje ya fundi mwenyewe. Ndipo alipopachika mpya kwenye trei ya kwanza, na kompyuta ikaandika asilimia moja.

Mwalimu alifika saa kumi kasoro dakika kumi. Aliuliza kama kazi imemalizika.

"Mbona iko tayari tangu Jumatatu," shemeji alisema.

Fundi alikuwa anafunga begi. Kujazia kulikuwa kumefika asilimia nne, zilibaki saa nane hivi. Akakichukua kitambaa cha manjano kutoka juu ya mtambo, akakitia begini pamoja na bisibisi, akaaga.