Vioo vya Ofisi ya Viwanja

Watu huanza nyumba kwa msingi. Mimi na mke wangu tulianza na madirisha.

Yalikuwa mawili, ya chuma, mapana kuliko kitanda chetu, yenye vioo kuanzia usawa wa goti hadi juu ya kichwa. Yalitoka ofisi ya viwanja, ile ya zamani, iliyobomolewa wakubwa walipohamia ghorofani. Nje ya madirisha hayo palikuwa na benchi, na kwenye benchi hilo mimi na mke wangu tulikaa miaka na miaka tukiomba kiwanja. Ukikaa pale unasikia feni zikizunguka ndani na viti vikikwaruza sakafu, lakini uso wa mtu huoni. Makarani walikuwa wamebandika magazeti kwa ndani, kioo hadi kioo. Mimi sababu niliijua bila kuambiwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na akitaka asimjue kabisa anabandika gazeti.

Mke wangu hakuwa mtu wa kunung'unika kama mimi. Siku moja, tumeshaambiwa tena turudi kesho, akajifuta vumbi la benchi akasema, "Na mimi iko siku nitakaa upande ule wa kioo." Jengo lilipovunjwa na vyuma vikauzwa, alikwenda kuchagua mwenyewe. Tukayaleta kwa mkokoteni, tukayasimamisha nyuma ya kitanda katika chumba cha kupanga, tukayafunika shuka.

Kiwanja kilitoka yeye ameshazikwa. Hilo sitaliandika sana. Nitasema tu kwamba wanaopangia wenzao foleni hawana habari kwamba anayesubiri naye anazeeka.

Na kiwanja chenyewe kinatazama magharibi. Vile vizuri, vya upande wa miti, vilipata wenyewe kabla ya siku ya ugawaji. Usiniulize vipi, mimi shule niliiacha mapema, ila kuhesabu watoto wa wakubwa najua. Barabara iko magharibi, kwa hiyo uso wa nyumba ni huko, na huko ndiko nilikopanga kuweka madirisha ya mke wangu, moja kila upande wa mlango. Kila anayepita ayaone. Akipita mtu wa ofisi ile, ayaone zaidi.

Binti yangu ni fundi cherehani. Anashona sare za shule katika chumba cha bati lisilo na dari, na mchana huweka kitambaa kibichi shingoni ili apumue. Tulikuwa tumekubaliana kwamba nyumba ikiisha atahamia kwangu, sebule iwe ya kushonea. Siku hiyo niliingojea kuliko nilivyoingojea nyumba. Tangu mama yake afariki napika sufuria ile ile, nakula nusu, nusu inalala.

Alikuja kiwanjani siku tunamaliza msingi, amekumbatia kitu kizito ndani ya mfuko. Akakitoa, akakiweka mbele ya fundi mwashi, ambaye alikuwa amekaa kwenye ndoo akila.

"Hili ni nini?" nikauliza.

"Tofali, baba."

"Naona. Mbona halijaiva?"

"Halichomwi. Ni udongo na saruji kidogo. Linashindiliwa kwa mashine, halafu linakauka lenyewe kivulini. Yule mama tunayeshona naye amejengea nyumba nzima. Mchana ndani kumepoa, feni hana na haitaki."

"Mwanangu, mimi nimezaliwa katika udongo. Nimezeeka nikiutoroka. Leo nimepata kiwanja, unaniambia nirudi nilikotoka?"

Fundi akameza tonge. "Mzee, mimi hata ukiniletea mikate nitakujengea. Sema tu mnataka nini, jua linapanda."

Nikaligeuza lile tofali. Lilikuwa zito, pembe zake kali, halimeguki kwa kucha. Sitaki kusema nilishawishika. Kilichonilainisha ni pale binti aliposema kwamba linakula saruji kidogo sana. Wenye saruji mjini hapa nawajua, na wanakula na nani nawajua pia. Nikasema haya, tuwanyime. Udongo ukatoka humo humo kiwanjani, tulikochimba shimo la choo, na mashine tukaazima kwa kikundi cha yule mama. Hata bati nikakubali liwe jeupe, maana alisema jeusi linavuta jua, na dari tuweke kabla ya kitu kingine chochote. Kila alichosema nilikubali, fundi akaanza kuniita mzee ndiyo.

Ndipo binti akafunua ile shuka. Madirisha nilikuwa nimeshayaleta, yameegemea mti wa kona.

"Na haya, baba?"

"Mbele."

"Mbele magharibi?"

"Barabara iko wapi?"

Akasimama mahali ambapo dirisha lingekuwa, akaweka mkono juu ya macho. Ilikuwa alasiri. Jua lilikuwa limemkaa usoni kama taa ya polisi.

"Unaona linavyoingia?" akasema. "Kwa kioo kikubwa namna hii, hapa ndani ni tanuri. Tunajenga ukuta wa kutupoza, halafu tunafungulia moto mlango wa mbele?"

"Utaweka feni."

"Umeme ukiwepo. Na ukiwepo, nishone au nipepewe?"

"Ni madirisha ya mama yako."

"Ndiyo maana sijasema uyauze."

Fundi akainuka akaenda kuosha mikono, ingawa ndoo ya maji ilikuwa hapo hapo miguuni pake.

"Baba," binti akasema, "ukiyaweka mbele, nitakuja kukusalimia kila wiki. Nitakupikia pia. Ila kushona nitabaki kule kule. Joto la kule nimeshalizoea, la hapa nitaanza upya."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningepata la kumjibu. Akachukua mfuko wake, akakung'uta mchanga, akaondoka.

Fundi alirudi akijifuta mikono kwenye suruali. "Mzee, kesho napandisha ukuta wa mbele. Niache nafasi za madirisha au nizibe? Nikishazipita sirudi nyuma, nakwambia mapema."

"Acha nafasi," nikasema. Kisha nikasema, "Ngoja kwanza. Kuna kioo kimoja kimepasuka. Naenda kutafuta kingine."

Duka la vifaa liko mwisho wa barabara. Ndani mlikuwa na mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, anapanga misumari. Nikampa kijiti nilichokatia urefu wa kioo. Akakitazama, akatikisa kichwa.

"Kikubwa namna hii sina. Njoo kesho."

Damu ikanichemka kabla akili haijajua kwa nini. Sauti ile nilikuwa nimeisikia ikitoka nyuma ya magazeti maisha yangu yote. Pale kwenye benchi tulimwita Njoo Kesho, na hata watoto wetu walimjua kwa jina hilo.

"Wewe ulikuwa ofisi ya viwanja," nikasema.

Akavua miwani. "Nilikuwepo mpaka nilipostaafu. Tulikuwa tunafahamiana?"

"Mimi nakufahamu. Wewe ungenifahamu vipi, na ulibandika magazeti usituone?"

Nilitegemea akane, au aniambie nitoke dukani kwake. Badala yake akanishangaa kwa dhati, mdomo wazi.

"Tusiwaone? Mzee mwenzangu, magazeti yale yalikuwa ya jua. Madirisha yalitazama magharibi. Ikifika saa nane mle ndani hata gundi ya bahasha ilikuwa inayeyuka. Gazeti la leo, wiki haijaisha limekuwa rangi ya chai, tunabandua tunabandika lingine. Ninyi jua likiwazidi mlihamia nyuma ya jengo, chini ya upenu. Tuliwasikia mnavyocheka. Sisi tungehamia wapi?"

"Mlikuwa na feni."

"Feni ilizungusha joto lile lile. Mashine ya ubaridi ilikuwa moja tu, ya mkubwa, na akiiwasha taa zetu zinafifia. Mchana kazi ilikuwa haifanyiki. Mtu akija namwambia njoo kesho, nikimaanisha njoo asubuhi."

"Mbona hukusema asubuhi?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, si kujifanya. "Sijui," akasema. "Nilikuwa nimechoka."

Nikashika ukingo wa meza yake. "Kwa hiyo miaka yote ile ni sababu ya kioo?"

"Hapana, nisikudanganye. Hata ungekuja alfajiri, viwanja havikuwepo. Vilishagawanywa huko juu kabla faili halijatufikia. Ila kwa mchana, ndiyo, kioo kilituchosha." Akarudisha miwani. "Mke wako hajambo? Nadhani ulikuwa ukija na mama mmoja mpole. Sauti yake naikumbuka."

"Alifariki."

"Pole sana."

Nilitoka bila kuaga. Natamani mtu yule angekuwa mbaya tu, ningetembea vizuri zaidi. Mbaya wapo, sijabadili mawazo: waliogawana viwanja gizani, na yule mkubwa aliyeagiza ofisi ya vioo ikatazama jua kwa sababu vioo vinapendeza kwenye picha, huku yeye amejiwekea mashine ya ubaridi. Hao sina msamaha nao. Lakini karani nilikuwa nimemchukia kwa jambo ambalo hakulifanya, na sasa sikujua chuki ile niipeleke wapi. Chuki ya miaka ni kama fanicha, ukiiondoa chumba kinaonekana kikubwa kuliko ulivyozoea.

Nikawa natembea na kumwaza mke wangu. Nilijaribu kumweka sebuleni, upande ule wa kioo alioutaka, alasiri, jua limeinama. Nikamwona anasogeza kiti. Anakisogeza tena. Mwisho anainuka, anachanganya unga na maji kidogo, anachukua gazeti, anabandika. Kioo cha kwanza, cha pili, mpaka chote. Na nje barabarani anapita mtu asiye na kiwanja, anatazama, anasema moyoni, huyu mama anaringa, hataki kutuona.

Nilipofika kiwanjani fundi alikuwa anavuta kamba ya ukuta.

"Ziba," nikasema.

"Zote mbili?"

"Acha matundu madogo juu, ya hewa. Zaidi ya hapo ziba."

"Ukuta mtupu mbele? Watu watasema mzee kajenga ghala."

"Waseme. Au wewe ulitaka mikate?"

Akacheka, akachukua mwiko.

Dirisha moja tuliliweka nyuma, chini ya upenu mpana, ambako jua halifiki ila asubuhi na mapema likiwa bado na adabu. Kutoka hapo barabara haionekani. Unaona kamba ya nguo ya jirani na ukuta wa choo chake. La pili halikupata nafasi. Limeegemea mti ule ule, kuku wanajitazama humo, na sijui nitalifanyia nini.

Nisiseme kwamba haikuniuma. Nilikuwa nimeshaipiga picha ile kichwani: mtu wa ofisi anapita, anasimama, anatambua. Nyumba yangu sasa mtu hupita bila kugeuza shingo. Jirani mmoja aliniuliza kama nimejenga mgongo barabarani kwa makusudi. Nikamwambia ndiyo, kwa makusudi.

Binti hakuwa amekuja tangu siku ile. Wiki ya salamu ilifika na kupita. Nikaanza kufikiri kwamba nimeziba ukuta bure, kwamba mtu akishasema amelizoea joto, amelizoea kweli. Kisha alasiri moja, fundi anapiga lipu karibu na mlango, nikamwona anakuja barabarani kwa miguu, amebeba mwavuli dhidi ya jua. Akasimama mbele ya nyumba. Akatazama kulia kwa mlango, akatazama kushoto.

"Umeziba," akasema.

"Fundi alikosea," nikasema.

Fundi hakugeuka. "Mafundi ndivyo tulivyo, dada. Hatusikii."

Binti alikunja mwavuli polepole, akaingia. Mimi nikabaki nje nikijifanya naokota vipande vya tofali. Nikasikia ndala zake zikienda mpaka nyuma, zikasimama, zikarudi, zikasimama tena katikati. Sikuvumilia, nikaingia.

Alikuwa ameegemeza mgongo wote kwenye ukuta wa mbele, ule unaopigwa na jua nje, na viganja vyake vyote viwili amevibandika hapo. Macho ameyafumba. Mwanga wa dirisha la mama yake ulimfikia miguuni, laini, bila moto.

"Baba," akasema bila kufumbua, "meza ya kukatia nguo ikae wapi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nyumba ni yako."

"Basi itakaa utakapoiweka."

Akafumbua macho. Akavuta utepe wa kupimia uliokuwa unaning'inia shingoni, akapiga magoti karibu na dirisha, akanipa ncha moja. Nikainama nayo mpaka ukutani. Akaniambia nisogee kushoto, nikasogea. Akaniambia zaidi.