Posa Iliyotangazwa Kabla ya Wakati

Saa sita ilikuwa inakaribia na Mzee Kailemia alikuwa bado hajafika. Kiende aliinua kifuniko cha sufuria ya uji, akakirudisha bila kutazama kilichomo. Sebuleni, wageni kutoka Embu walikuwa wameketi tangu asubuhi, migongo imenyooka kama ya watu wanaosubiri hukumu. Mezani mbele yao, juu ya kitambaa cheupe, kililala kifurushi cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Kwa desturi ya Wameru, hicho ndicho posa yenyewe. Mkubwa wa ukoo wa msichana akikifungua na kuigawa miraa, posa imekubaliwa. Akikirudisha kilivyofungwa, wageni hunyanyuka wakaenda zao. Kabla yake hakuna awezaye kutamka jibu, hata mama mzazi.

Na Kiende alikuwa amekwisha kulitamka.

Usiku uliotangulia aliandika makala kwenye blogu yake: mdogo wake Kagwiria amechumbiwa, kifurushi kimefunguliwa, Imenti yao na Embu wamekuwa wakwe. Alitia picha ya kifurushi aliyotumiwa na Mutugi, mchumba mwenyewe, kisha akaiamuru blogu ichapishe makala saa sita mchana, kwa kuwa wakati huo yeye angekuwa jikoni. Alijua wazee wangekutana saa nne. Hakujua kwamba Mzee Kailemia, ndugu mkubwa wa marehemu baba yao, angepitia kwanza mazishini Mitunguu.

Blogu hiyo aliianzisha alipokuwa mwalimu mpya, katika duka la intaneti mjini Meru, ambako mtu alilipia dakika huku akihemewa kisogoni na aliyengoja zamu. Siku hizo, aliposema anaandika blogu, watu walimwuliza ni gazeti la nani. Baadaye blogu zikazagaa, za siasa, za mapishi, za umbea. Kisha wenzake wengi wakazitelekeza, wakahamia kwenye video fupi na makundi ya WhatsApp. Kiende alibaki palepale, akiwaandikia desturi za nyumbani watu waliokuwa mbali.

"Shika mwiko," alimwambia Kagwiria.

"Unakwenda wapi, dada? Wageni wana njaa."

"Kutafuta mtandao."

"Hata leo? Hiyo blogu yako haina Jumapili?"

Kiende alipanda mbio kati ya mibuni hadi ukingo wa juu wa shamba, mahali pekee ambapo simu yake ilishika mtandao. Ukurasa ulifunguka polepole. Makala yalikuwa yamekwisha kutoka. Aliyafuta, akaona pale yalipokuwa pamebaki patupu, akashusha pumzi.

Ndipo alipokumbuka barua pepe. Wasomaji wake wa zamani walikuwa wamejiandikisha, na kila makala mapya yaliwaendea papo hapo. Barua iliyokwisha kwenda hairudi. Miongoni mwao alikuwamo Murungi, mwana wa Mzee Kailemia, aliyekuwa akifanya kazi za usiku Kanada.

Huko chini gari lilipiga honi.

Alipoingia sebuleni akihema, baba yake mkubwa alikuwa amekwisha kusalimiana na wageni na kuomba dua. Mzee alitoa kisu kidogo mfukoni, akakivuta kifurushi kwake. Simu yake ikalia. Kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito, aliifungua sauti hadi mwisho, na nyumba nzima ikasikia.

"Baba, hongera! Nimesoma kwa Kiende kwamba umefungua kifurushi. Miraa ni tamu?"

Mzee alikata simu. Alikiweka kisu mezani.

"Nimekifungua lini?"

"Ni mimi, baba mkubwa," Kiende alisema. "Niliandika mapema. Nilidhani mtakuwa mmemaliza. Nimeyafuta makala."

"Na Murungi, naye umemfuta?"

Mzee Njura, msemaji wa wageni, alikohoa. "Sisi hatukumtuma mtu atutangulie, mzee mwenzangu."

"Najua. Lakini kama jibu limekwisha kutolewa, mimi nimeitwa kunywa uji? Chukueni kifurushi chenu."

Mutugi alitaka kuinuka. Mzee Njura akamkandamiza goti. Mlangoni mwa jikoni Kagwiria alisimama na mwiko, uji ukidondoka sakafuni.

"Baba mkubwa," Kiende alisema, "niadhibu mimi. Usimwadhibu Kagwiria."

Mzee alimgeukia. "Waliosoma la kwanza, la pili watalisoma?"

"Barua huwaendea wale wale."

"Basi twende huko unakoandikia."

Wazee wote wawili walimfuata hadi kwenye mibuni, wakasimama mabegani mwake. Aliandika, akasoma kwa sauti: kifurushi hakijafunguliwa, posa haijakubaliwa, yeye alitangulia kusema.

"Andika ulidanganya."

"Sikudanganya, baba mkubwa. Niliwahi tu."

"Mwanafunzi wako akisema amemaliza kazi ambayo hajaianza, amewahi?"

Kiende alifuta neno lake, akaandika lile la mzee, akachapisha. Wakasubiri. Upepo uliyapitia majani ya kahawa mpaka simu ilipolia tena.

"Baba, kuna nini huko? Kiende anasema alidanganya!"

"Ni kweli," mzee alijibu. "Bado sijafungua kitu."

Alirudi ndani, akaketi, akakata kamba ya mgomba. Alitafuna kijiti cha kwanza polepole, huku Mutugi akifuata mwendo wa taya lake, kisha akamkabidhi Mzee Njura kijiti cha pili. Wanawake wakapiga vigelegele. Kagwiria alijiangusha kwenye kiti akalia.

Kiende aliipapasa simu mfukoni.

"La," mzee alisema bila kugeuka. "Utaandika wakishatoka kanisani wameoana. Wakishatoka, si wakikaribia kuingia."

"Lakini watu watadhani tuliwakataa!"

"Na wadhani."

Kwa miezi yote iliyobaki hadi harusi, blogu ilisema kwamba posa haijakubaliwa. Salamu za pole zilimiminika kutoka Nairobi na ng'ambo. Mmoja aliuliza Kagwiria amekosa nini. Mwingine alimshauri Kiende awasahau hao watu wa Embu, amtafutie mdogo wake kijana wa karibu, wa Githongo. Mutugi aliyasoma maoni hayo kwa sauti kila alipokuja kuwasalimu wakwe zake, na Kagwiria alicheka hadi akashika mbavu. Kiende naye aliyasoma yote, moja baada ya jingine, akiwa peke yake juu kwenye mibuni. Hakujibu hata moja.